Jinsi ya Kuhamisha Boti Kutoka Masinga Hadi Bahari Kuu Bila Kuuliza Mtu

Hongera. Kwa miaka mitatu sasa boti yako ndiyo yenye mbio kuliko zote upande wa Mbeere. Ukiiwasha pale kwenye bwawa la Masinga viboko huzama, wavuvi huzikimbilia nyavu zao, na watoto ufukoni hupiga mbinja. Umelizunguka bwawa mpaka mamba wanakutambua kwa mlio. Kisha Jumapili moja, kati ya mbavu za mbuzi na soda ya pili, ukayatazama maji ukatamka neno lililowatoa wengi kwao: "Hapa padogo."

Padogo kweli. Masinga ikijaa sawasawa huenea karibu kilomita za mraba 120. Bahari ya Hindi ina zaidi ya milioni 70. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na wewe leo umegundua kwamba miaka yote hiyo ulikuwa chungu mwenye injini.

Mwongozo huu ni wako, na ni wa jirani yako wa Meru ambaye bonasi ya chai imemwingia na hataki tena kusikia habari za ng'ombe wa maziwa. Una hatua saba, kwa heshima ya Seven Forks, mradi wa umeme wa Mto Tana ambao una mabwawa matano. Usiulize ilikuwaje. Kutouliza ndio msingi wa mambo yote yafuatayo.

Hatua ya kwanza: Fuata maji

Njia ya asili kabisa ni ile ambayo maji yenyewe hupita. Mto Tana hukusanya maji ya Nyandarua na Mlima Kenya, huyapumzisha Masinga, kisha huyapeleka mpaka Kipini yakaingia baharini. Mto mzima una urefu wa takriban kilomita 1,000. Kama maji ambayo hayakusoma yanaijua njia, wewe mwenye cheti utashindwaje?

Kuna vikwazo vidogo. Ukitoka Masinga, iliyokamilika mwaka 1981, utakutana na Kamburu ya 1974, Gitaru ya 1978, Kindaruma ya 1968 na Kiambere ya 1988. Hakuna hata moja lililojengewa njia ya kupitisha boti. Mlango ulio wazi siku zote ni ule wa kuelekea kwenye mitambo, ambayo kwa jumla, ukiihesabu na ya Masinga, ina uwezo wa karibu megawati 600. Ukipita humo utafika Mombasa upesi mno, ila utafika ukiwa umeme.

Tuseme umevuka. Mbele yako kuna maporomoko ya Adamson, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Meru. Hapo ndipo itakufaa kumkumbuka Kamanda Dundas wa kampuni ya Imperial British East Africa. Mwaka 1891 aliipanda Tana kutoka baharini kwa stima iliyoitwa Kenia, akitafuta njia ya maji ya kufika bara. Mto ulimfikisha ulipotaka, kisha miamba ikamwambia basi. Akashuka, akaendelea kwa miguu pamoja na Charles Hobley hadi Mlima Kenya, na huko nako msitu ukawarudisha. Bahari ilishindwa kupanda kuja kwetu kwa stima. Wewe unataka kushuka kwenda kwake kwa boti ya faiba. Kodi trela.

Trela ipitie Mwingi, Madogo, Hola na Garsen mpaka pwani ya Lamu. Njia hii ina faida mbili. Kwanza, haigusi Mombasa wala Kilifi, ambako Mei 2024 magavana walitangaza marufuku ya muguka, mpaka Mahakama Kuu ya Embu ilipoisimamisha. Haitakuwa vizuri safari yako ya kwanza ya baharini ianze kwa kuelezwa sheria mbele ya gunia la muguka. Pili, kuanzia Madogo utakuwa na Tana mkono wa kushoto, na Garsen utauvuka darajani. Punguza mwendo uyapungie mkono yale maji. Wiki kadhaa nyuma yalikuwa chini ya boti yako. Yamekutangulia bila trela, bila dizeli na bila kusimamishwa na askari.

Hatua ya pili: Boti ni boti

Utawakuta watu watakaokuambia kwamba boti ya bwawani na boti ya mbio za baharini ni vitu viwili, kama vile baiskeli na punda. Hao wana wivu.

Ukweli ni huu. Boti yako ina tumbo bapa kama sinia. Kwenye bwawa hilo ni jambo jema: huinuka juu ya maji upesi, haili mafuta mengi, na hupita hata penye kina cha magoti. Wimbi la Masinga huzaliwa saa nane mchana upepo ukivuma na hufa kabla halijafika ng'ambo. Ni wimbi la shule ya chekechea. Wimbi la bahari kuu limesafiri siku nyingi kabla ya kukufikia, na halina haraka ya kukupisha.

Sinia likitua juu ya wimbi la namna hiyo kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hulia pa! Pa ya kwanza utacheka. Pa ya pili kofia itakwenda. Pa ya tatu utazijua pingili zote za uti wa mgongo wako, moja baada ya nyingine, bila msaada wa daktari.

Wamarekani walilipata somo hili hadharani. Mwaka 1960, katika mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau, bahari ilichafuka vibaya. Boti iliyotangulia kufika iliitwa Moppie. Mwenyewe alikuwa Dick Bertram, na aliyeichora ni Ray Hunt, ambaye alikuwa amelipa tumbo la boti hiyo umbo la V kuanzia mbele hadi nyuma kabisa, mahali ambapo wengine walikuwa wakilaza ubao. Badala ya kulipiga wimbi kofi, ililipasua kama jembe linavyopasua udongo. Tangu hapo boti za mbio za baharini hutengenezwa kwa mtindo huo: kila upande wa tumbo umeinuka nyuzi 20 na zaidi, hata pale nyuma injini inapofungwa. Gharama yake ni kwamba ikisimama huyumba kama mlevi, na ili inyanyuke hunywa mafuta kama mlevi yuleyule.

Lakini wewe huna haja ya kubadilisha kitu. Chora papa ubavuni, mwenye meno mengi. Wimbi likimwona litafikiri mara mbili.

Hatua ya tatu: Injini usiiguse

Bwawa la Masinga likijaa, uso wa maji huwa mita 1,056 na nusu juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na injini ni kama mgeni wa Mombasa aliyekimbizwa kupanda mlima: hukosa pumzi. Mafundi hukadiria kwamba kila ukipanda mita 300, injini ya kawaida hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu zake. Fanya hesabu. Wale farasi 200 uliowalipia, kazini walikuwa wakifika 180. Ishirini walikuwa malishoni muda wote.

Fundi wako alilijua hilo, ndiyo maana alikufungia propela ya hatua fupi, ile inayoisogeza boti kidogo kwa kila mzunguko ili injini isichoke. Ukishuka usawa wa bahari, farasi 20 hurudi kutoka malishoni wakiwa wameshiba. Propela ileile sasa inakuwa nyepesi mno, na injini hupiga mizunguko kupita kiwango alichokiweka aliyeitengeneza. Mtu wa kawaida angebadilisha propela. Wewe ongeza muziki usiusikie mlio.

Kisha kuna chumvi. Ukichota lita 1,000 za maji ya bahari umechota na chumvi kama kilo 35. Injini ya boti hujipoza kwa kuyanywa maji inayoelea juu yake. Masinga ilikunywa maji ya mlima ikayatema, hesabu ikaisha. Baharini ikitema maji, chumvi hubaki kwenye mishipa na kugandamana kama mafuta ya mbuzi kwenye sufuria ya jana. Watu wa pwani wakirudi hawali kabla injini haijasuuzwa kwa maji baridi, kila siku ya Mungu. Wewe injini yako mara ya mwisho iliogeshwa siku ya harusi ya binamu yako, na ilikuwa ni kwa ajili ya picha. Iache hivyo.

Usijisumbue pia na kile kipande cha madini kilichofungwa karibu na propela ili kiliwe na kutu kwa niaba ya injini. Kwenye maji ya bwawa watu hufunga cha magnesiamu. Kwenye maji ya chumvi magnesiamu huliwa upesi kuliko mukimo kwenye ruracio, na ndiyo maana wapwani hufunga zinki. Kipande kikiisha, kutu haitaondoka mezani na njaa. Itahamia kwenye injini.

Kuhusu mafuta, mabaharia wana kanuni ya kiwoga: theluthi ya kwendea, theluthi ya kurudia, na theluthi ya yale usiyoyajua. Wewe gawanya kwa mbili. Masinga mafuta yalipoisha ulipunga shati, mvuvi akaja kukuvuta kwa shilingi mia mbili na salamu za nyumbani. Ukizimikiwa nje ya Lamu wakati wa upepo wa kusi, mkondo utakuvuta bure, nao huelekea kaskazini. Kituo kikubwa kinachofuata ni Kismayu. Jirani yako wa Meru asihuzunike: Somalia iliifungulia tena miraa ya Kenya Julai 2022 baada ya kuizuia tangu Machi 2020, kwa hiyo huenda akafika akiwa na biashara.

Hatua ya nne: Nenda Julai

Julai ndio mwezi. Embu kuna ukungu, Meru mtu huamka na blanketi mpaka jikoni, na mawazo yote hukimbilia kwenye jua la pwani. Ni wakati huohuo ambapo kusi, upepo unaoanza kuvuma kama Aprili, umefikia nguvu zake. Bahari iliyo nje ya miamba huchafuka, na boti nyingi za kuvulia samaki wakubwa hupandishwa nchi kavu zipakwe rangi. Utalikuta eneo zima liko wazi. Utajiuliza wenzako wako wapi. Usimuulize mtu.

Utateremsha boti yako Mokowe, gati la bara linalotazamana na visiwa vya Lamu. Na hapo, kama kawaida ya pwani, patakuwa na mzee ameketi kivulini akishona wavu. Hukumwita, lakini atasema.

"Wataka kwenda wapi, mwanangu?"

"Nje, mzee. Bahari kuu."

"Basi ngoja maji."

"Maji si hayo hapo?"

"Hayo yaondoka."

Mwambie boti ina farasi 200. Mzee atautazama wavu wake, atafunga fundo, kisha ajibu: "Farasi huwa hawaogelei kwenye matope, mwanangu."

Hapa ndipo mtu wa bwawa hupata taabu kuelewa. Masinga pia hupanda na kushuka, lakini hufanya hivyo kwa miezi. Mvua ikinyesha mlimani linajaa, kiangazi kikiuma linapungua, na katikati kuna wahandisi wanaopima na kuamua maji yaende kiasi gani kwenye mitambo. Pwani maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa takriban dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu huja bamvua, na tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani yetu hufika kama mita 3. Mwezi ukiwa nusu huja maji mafu, na tofauti hupungua. Penye kina cha kupita jahazi asubuhi, adhuhuri kaa wanafukuzana. Wasafiri wa Pate na Faza walizoea kwa miaka mingi kuutazama mwezi kabla ya kuitazama saa, kwa sababu mkondo wa Mkanda, kati ya Manda na bara, ulikuwa haupitiki mpaka maji yajae.

Wewe huna muda wa mwezi. Washa. Utakwama mita mia mbili kutoka gatini, boti imelalia ubavu, papa uliyemchora anatazama mbinguni, na watoto wa Mokowe watakuja kwa miguu kukuuzia mahamri. Hiyo ni bahati. Wale wanaokwama juu ya mwamba wa nje hawauziwi kitu.

Utapata muda wa kutosha wa kukumbuka kwamba hukupita Mamlaka ya Bahari ya Kenya kukaguliwa chombo, kwamba makoti ya kuokolea maisha ni manne na nyinyi ni tisa, na kwamba redio ya VHF, ile ambayo kila chombo huisikiliza kwenye chaneli ya 16, uliiacha dukani ukanunua spika. Walinzi wa Pwani wa Kenya wapo tangu 2018, lakini hata wao hufuata sauti, na sauti yako kwa sasa inapiga nyimbo za harusi.

Hatua ya tano: Dai ukoo

Watakapoanza kucheka kwamba mtu wa mlimani amekwama kwenye tope, usinyamaze. Mwachie jirani yako wa Meru azungumze, maana ana hoja nzito.

Wazee wa Meru husimulia kwamba watu wao walitoka Mbwaa, nchi ya kando ya maji makuu, ambako waliteswa na Nguo Ntuune, watu wa nguo nyekundu. Kiongozi wao, Koomenjoe, aliyapiga maji kwa fimbo yakaachana, nao wakavuka. Waliovuka usiku wakawa Njiru, weusi. Waliovuka kukipambazuka wakawa Ndune, wekundu. Waliovuka jua limetoka wakawa Njeru, weupe. Na mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekaa na wazee hao akiandika masimulizi yao, aliihusisha Mbwaa na kisiwa cha Manda.

Manda ndiyo ile inayoonekana kutoka mlipokwama. Kwa hiyo jirani yako anaweza kusimama juu ya boti iliyolala na kuwatangazia watu wote wa Mokowe kwamba yeye si mgeni. Amerudi kwao baada ya karne tatu hivi, na kama kuna anayehitaji kujieleza, si yeye.

Yule mzee atamsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu pwani watu huheshimu hadithi. Kisha atauliza swali moja tu: "Na huyo babu yenu, alivuka maji yakiwa yamejaa au yamepwa?"

Hapo kejeli yangu inaishia, kwa kuwa sina jibu la kumshinda. Wapo waliosoma simulizi hiyo wakaona ndani yake kumbukumbu ya maji kupwa: watu waliokijua kivuko, waliongoja usiku wa bamvua, wakatembea kabla bahari haijarudi. Uamini muujiza au uamini mwezi, kwa vyovyote Koomenjoe alivuka maji yalipokubali. Hakuwa na farasi hata mmoja. Alikuwa na fimbo, na alijua saa.

Hatua ya sita na ya saba

Hizi bado hazijajengwa. Ziko kwenye karatasi pamoja na bwawa la High Grand Falls, na sote tunasubiri.

Wakati tukisubiri, nikuambie nililotaka kukuambia tangu pale kwenye mbavu za mbuzi. Boti hubadilishwa kwa pesa: tumbo la V lipo sokoni, propela ya hatua ndefu ipo, zinki haigharimu hata robo ya mbuzi. Kinachomwangusha mtu wa bwawa ni mazoea ya kuishi na maji yenye ofisi. Masinga ina lango, ina vipimo, ina namba ya simu, na hata hivyo mvua za 2024 ziliijaza ikamwagika juu ya ukingo bila kuomba ruhusa. Bahari haina lango wala namba. Ratiba yake inajulikana, lakini inajulikana kwa watu, na wengi wao wameketi kivulini wakishona nyavu.

Kwa hiyo usiende Julai. Vumilia baridi, weka bonasi ya Oktoba kando, uje upepo wa kaskazi umeshika, kati ya Desemba na Machi. Siku za mwanzo mlipe nahodha wa hapo akae kwenye usukani na wewe ukae pembeni, mahali ambapo Masinga ulikuwa ukimkalisha mgeni. Suuza injini kabla ya kula. Na siku ya kwanza kabisa Mokowe, kabla hujaishusha boti kutoka kwenye trela, nenda kivulini, mpe mzee shikamoo yake, kisha umuulize: "Leo maji yajaa saa ngapi?"